Ndege aliyejeruhiwa ng'ambo ya ua: uchambuzi wa kisa kimoja cha uwindaji wa kwale

Usuli

Kisa hiki kinahusu alasiri moja ya kuwinda kwale kwa miguu: wawindaji watatu, mbwa mmoja, na shamba la mtu binafsi. Majina, mahali na mwaka nimeviondoa, na mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Niliwasikiliza wote wanne, wawindaji na mwenye shamba, mmoja mmoja. Pale maelezo yao yanapopishana nimesema wazi.

Mwenye shamba ni mama mtu mzima anayewafahamu kwale wa shamba lake kundi kwa kundi. Kiongozi wa msafara ndiye aliyeomba ruhusa, na mbwa alikuwa wake: jike wa aina ya pointa, mbwa anayeganda anaponusa ndege aliyejificha, msimu wake wa pili. Mgeni alimzidi Kiongozi umri kwa mbali na ni mlengaji hodari, lakini sehemu kubwa ya uzoefu wake ni ya kusimama mahali pamoja huku ndege wakifukuzwa kuja upande wake. Wa tatu ni Kijana, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza.

Tofauti kati ya aina hizo mbili za uwindaji ina uzito katika kisa hiki. Anayesimama mahali pamoja huwaona ndege wakimjia, vifua mbele, na eneo lake la kulenga halibadiliki. Anayetembea na mbwa humwona ndege akiondoka, mgongo kwake, na kila hatua anayopiga inahamisha mipaka ya pale anapoweza kufyatua bila kumhatarisha mwenzake. Mtu anaweza kuwa bingwa wa aina ya kwanza na bado akawa mwanafunzi katika ya pili, na ni vigumu kwa mtu mzima kuambiwa hivyo.

Mama alitoa masharti manne. Malango yaachwe kama yalivyokutwa. Wasiende upande wenye ng'ombe. Kundi dogo la kwale linalokaa kwenye ukanda wa nyasi ndefu, kando ya ua wa seng'enge unaopakana na jirani, lisiguswe, kwa sababu mvua iliharibu viota na kundi limebaki na ndege wachache. Na wawe wametoka shambani mapema, kabla jua halijaanza kuzama. Kiongozi aliyapokea yote. Wakiwa njiani aliwaeleza wenzake mawili tu, la malango na la ng'ombe. Aliniambia kwamba hilo la ukanda aliliacha kwa kuwa hakuwa na nia ya kuwapeleka huko kabisa.

Kabla ya kuanza aliwagawia pande: Mgeni kushoto, Kijana kulia, yeye katikati na mbwa, bila bunduki. Kila mmoja avae kizibao cha rangi ya chungwa kali, mtutu uelekee juu au chini muda wote, na asifyatue mtu mpaka aone anga chini ya ndege. Kanuni hiyo ya anga inamlinda mbwa, inamlinda anayetembea bondeni, na inamlinda mtu asiyeonekana nyuma ya kichaka, kwani marisau madogo, yaani punje zinazotoka kwenye risasi, huweza kusafiri zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Hadi hapo mambo yalikuwa mazuri. Ila hakusema ndege anayeruka katikati ya watu wawili ni wa nani, wala hakusema kila mmoja afanye nini ndege akipigwa asife.

Yaliyotokea

Mbwa aliganda mara ya kwanza kwenye ukingo wa shamba la mabua, mkia umenyooka, pua imeelekea kichaka kimoja. Kiongozi akamwashiria Kijana asogee. Ni desturi njema na ya zamani: mwenye mbwa humpa nafasi ya kwanza anayejifunza, na wengine wakangoja. Ndege wawili wakapuruka upande wa kulia. Kijana akafyatua mara moja, akakosa. Kabla hajaufyatua mtutu wa pili, Mgeni akamwangusha ndege yuleyule kutoka kushoto, akifyatua mbele ya Kiongozi na mbwa.

Ndege alikufa papo hapo. Mbwa akamleta, Mgeni akampokea na kusema, "Ningemwacha angetoroka." Kijana hakusema kitu. Kiongozi naye hakusema kitu.

Walitembea karibu saa nzima bila kuona ndege. Mara ya pili mbwa aliganda, kisha akaanza kunyatia, kwa kuwa kwale walikuwa wakikimbia mbele yake chini ya majani. Waliruka mbali. Kijana, aliyekuwa karibu nao zaidi, hakuinua bunduki. Mgeni alifyatua mara mbili. Kiongozi baadaye alipima kwa hatua kutoka maganda ya risasi hadi manyoya ya kwanza aliyoyaokota chini, akapata kati ya mita 50 na 55. Mgeni anasema hapakuzidi mita 40. Mimi nimeshika kipimo cha hatua.

Ndege wa mwisho aliyumba, akashuka kidogo, kisha akatandaza mabawa na kuteleza angani juu ya ukanda wa nyasi ndefu, akapita ua wa seng'enge na kutua ng'ambo, kwenye ardhi ya jirani.

"Nimemkosa," Mgeni akasema, akaanza kutia risasi nyingine.

"Mzee, yule amepigwa," Kijana akasema. "Mguu mmoja umening'inia."

"Mdogo wangu, huko mbele kuna wengine," Mgeni akamwambia Kiongozi, kana kwamba Kijana hakuzungumza.

Kiongozi akaamuru bunduki zifunguliwe na risasi zitolewe. Akamwambia Kijana asiondoe jicho pale ndege alipotua, kisha akampigia simu Mama. Jirani hakupatikana mara moja. Mama ndiye aliyehangaika kumtafuta, na jibu lilikuja baada ya nusu saa na zaidi: waingie, bila bunduki, mbwa awe kwenye kamba hadi wafike mahali penyewe.

Kwenda huko kulihitaji kupita kwenye ukanda wa nyasi. Kiongozi aliwaambia wapite upande wenye nyasi fupi. Mgeni, ambaye hakuwa na habari kwamba ukanda ule una sharti, alikata katikati ili kufupisha njia. Lile kundi dogo likapuruka chini ya miguu yake na kutawanyika pande zote, ndege mmoja mmoja.

Ng'ambo ya ua, Kijana alikuwa amekariri mahali kwa mti mdogo uliovunjika tawi. Alipaonyesha vizuri. Shida ilikuwa kwamba Mgeni alishafika pale mbele ya mbwa, anapekua majani kwa fimbo, na Kiongozi naye alizunguka eneo mara kadhaa akiwa na mbwa kwenye kamba kabla ya kumwachia. Mbwa alipata harufu mara mbili, akaipoteza mara mbili. Walitafuta mpaka jua likawa chini. Hawakumpata.

Wakirudi, waliona kwale wawili wa lile kundi wakiwa wameinama peke yao kwenye nyasi fupi. Mgeni akasema wale ni rahisi, na siku haijawa ya bure. Kiongozi akakataa, na bunduki hazikutolewa tena kwenye mikoba yake.

Maamuzi na sababu zake

Kuna maamuzi matano hapa ambayo kila mwindaji atakutana nayo siku moja, na Kiongozi alinieleza sababu zake bila kujitetea.

Alinyamaza baada ya tukio la kwanza kwa sababu Mgeni ni mkubwa wake, na hakutaka kumsahihisha mbele ya kijana mdogo. Alikusudia kumwambia jioni, wawili peke yao.

Alisimamisha uwindaji baada ya tukio la pili kwa sababu alimwamini Kijana. Yeye mwenyewe alikuwa akimtazama mbwa, hakuuona mguu. Alifikiri hivi: tukimwamini Kijana na akawa amekosea, tumepoteza saa moja. Tukimpuuza na akawa amesema kweli, kuna kiumbe anakufa taratibu kwa mikono yetu.

Alitafuta ruhusa kwanza, ingawa alijua kila dakika inampunguzia nafasi ya kumpata ndege. Ardhi ya ng'ambo ya ua si ya Mama, kwa hiyo ruhusa ya Mama haikuuvuka ua ule.

Aliwakataza kuwafuata ndege waliotawanyika. Na mwishoni, walipohesabu ndege wa siku ile, alimhesabia Mgeni ndege wawili: aliyepatikana na aliyepotea.

Matokeo

Jioni ileile, kabla ya kuondoka, Kiongozi alimweleza Mama yote: ndege aliyepotea, na kundi la ukandani lililofurushwa. Mgeni aliona hakukuwa na haja ya kutaja hilo la kundi, kwa kuwa hakuna aliyelifyatulia. Mama alisikiliza, akauliza ni saa ngapi ndege wale waliruka, kisha akasema, "Mwanangu, hilo ndilo nililokuomba."

Hakumfukuza. Msimu uliofuata Kiongozi na Kijana walipewa ruhusa tena, na upande wote wa ua ukafungwa. Mgeni hakualikwa. Uhusiano wake na Kiongozi umebaki wa salamu tu, na hilo linamuuma Kiongozi hadi leo.

Uchambuzi

Nianze na umbali, kwa kuwa madhara yote yaliyofuata yalitoka kwenye ile risasi ya pili. Kwa mapokeo ya wapimaji, mtawanyiko wa marisau hupimwa kwenye duara la sentimita 76, umbali wa yadi 40, yaani mita 36 na nusu hivi. Mtutu uliobanwa kidogo mdomoni, kama aliokuwa nao Mgeni, huingiza takriban nusu ya marisau kwenye duara hilo. Uliobanwa sana huingiza asilimia 70. Risasi ya gramu 28 yenye marisau ya madini ya risasi, ukubwa namba 7½, hubeba punje kama 350, kwa hiyo kwenye mita 36 zinazofika ndani ya duara ni 175. Zikifika mita 50, zimetawanyika zaidi na kila punje imepoteza nguvu. Sasa mweke hapo kwale anayeondoka: moyo na mapafu vimefichwa nyuma ya mgongo, mifupa ya nyonga na matumbo. Punje mbili tatu dhaifu humvunja mguu au humtoboa tumbo, naye anaendelea kuruka. Hodari wa kulenga hawezi kurekebisha hilo kwa uhodari wake, maana hata akilenga sawasawa bado punje hazitoshi. Kwa ndege anayeondoka, mita 30 hadi 35 ni mbali ya kutosha kwa mtutu wa aina ile. Kijana, ambaye hakuinua bunduki, ndiye aliyeamua vizuri kuliko wote alasiri ile, na hakuna aliyemwambia hivyo hadi nilipomwambia mimi.

Kuhusu kunyamaza kwa Kiongozi, nina maoni makali kidogo kuliko yake. Heshima kwa mkubwa ni jambo zito na sitaki ionekane ninaidharau. Lakini Mgeni alifanya makosa mawili kwa risasi moja: alimnyang'anya mwanafunzi ndege aliyepewa na mwenye mbwa, na alifyatua akipitisha mtutu mbele ya mtu na mnyama. La kwanza ni la adabu, lingeweza kungoja jioni. La pili ni la uhai wa watu, na haliwezi kungoja hata hatua kumi. Palihitajika sauti ya chini na maneno machache: "Mzee wangu, upande wa kulia tumwachie kijana, hapa katikati nipo mimi na mbwa." Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima. Na kama yangesemwa, naamini risasi ya mita 50 isingefyatuliwa, kwa sababu Mgeni angejua kwamba kuna mtu anayeangalia na kusema. Ukimya wa kwanza Mgeni aliutafsiri kuwa ni ruhusa. Aliniambia mwenyewe: "Hakuna aliyenikataza."

Kuamini jicho la mwanafunzi lilikuwa jambo bora kabisa. Mfyatuaji mara nyingi ndiye shahidi mbaya zaidi wa risasi yake. Bunduki imemrudisha bega, jicho limekimbilia ndege wa pili, na moyo wake unataka jibu fulani. Asiyefyatua huona zaidi. Dalili za kutafuta ni hizi: mguu unaoning'inia, manyoya yanayobaki angani, ndege anayeyumba, ndege anayejitenga na wenzake na kutua peke yake, au anayepanda wima ghafla kisha kuanguka. Ikionekana moja, atafutwe, hata mfyatuaji akiapa kwamba amekosa.

Suala la ua linahitaji maelezo, maana wengi huchanganya sheria na adabu. Sheria zinatofautiana. Katika jimbo la South Dakota nchini Marekani, kwa mfano, mwindaji anaruhusiwa kuingia ardhi ya mtu bila silaha ili kuchukua ndege au mnyama mdogo aliyempiga kihalali. Penginepo kitendo hichohicho ni kuvamia ardhi ya watu. Kiongozi hakutegemea kubahatisha. Aliacha bunduki na akaomba. Wapo watakaosema nusu saa ile ilimpoteza ndege, na huenda ni kweli. Lakini ruhusa ile inapaswa kutafutwa siku moja kabla, kwa namba ya simu ya jirani, kwa kuwa ndege hajui mipaka na mwindaji anajua kwamba ndege hajui. Anayewinda mita 200 kutoka ua wa mtu bila namba ya mwenye ua hajajiandaa.

Utafutaji wenyewe uliharibika kwa miguu ya watu. Kwale aliyevunjika bawa au mguu mara nyingi hakai alipotua. Hukimbia, au hujiburuta hadi kwenye majani mazito na kujibanza. Harufu aliyoiacha ardhini ndiyo barua pekee aliyoandika, na watu wawili waliikanyaga kabla mbwa hajaisoma. Njia inayofaa ni watu kusimama mbali na alama, mtu mmoja kuweka kofia au kitambaa pale ndege alipoonekana mara ya mwisho, na mbwa kuletwa kutoka upande ambao upepo unaelekea ukitoka kwenye alama, aachiwe huru, na watu wanyamaze. Kumwita mbwa, kumwelekeza kwa kidole na kumhimiza humfanya amtazame bwana wake badala ya kunusa. Mbwa mchanga kama yule huathirika zaidi. Dakika kumi na tano za kwanza, mbwa akiwa peke yake kwenye ardhi isiyokanyagwa, zina thamani kuliko saa nzima ya fimbo.

Kumhesabu ndege aliyepotea, hapo nampongeza Kiongozi bila masharti. Kiwango cha ndege anaoruhusiwa mwindaji kwa siku kimewekwa ili kupima wangapi wanaondolewa shambani. Aliyekufa kichakani ameondolewa sawa na aliye mkobani. Mwindaji anayepoteza wawili na kuendelea hadi kiwango kitimie amezidi kiwango, hata kama hakuna askari wa wanyamapori atakayemwona.

Limebaki lile kundi dogo. Mgeni haoni tatizo kwa kuwa hakuna risasi iliyofyatuliwa. Swali la Mama kuhusu saa linaonyesha kwamba yeye anaelewa zaidi. Ndege wa makundi wakitawanywa huitana hadi wakusanyike tena, na wanahitaji muda wa mwanga kufanya hivyo. Kwa bobwhite, tombo wa Amerika ya Kaskazini, jambo hili linajulikana vizuri: usiku hulala wakiwa duara, mikia ndani na vichwa nje, wakipeana joto, tayari kuruka kila mmoja upande wake adui akija. Ndege aliyebaki peke yake gizani hana joto la wenzake wala macho yao. Kulifurusha kundi jioni, na hasa kundi lililopungua, ni madhara hata bila baruti, na ndiyo sababu wawindaji waangalifu huacha makundi mapema alasiri. Kuwafyatulia wale wawili waliokuwa peke yao kungekuwa kuwapiga ndege wakati wanapotafutana. Kiongozi alikataa kwa sababu sahihi.

Ila hapa pana mgongano ambao sidhani una jibu safi. Wajibu kwa ndege aliyejeruhiwa uliwapeleka kwenye ukanda waliokatazwa, jioni. Nimewauliza wawindaji kadhaa wazoefu, na wamegawanyika. Mimi nasema utafutaji ulikuwa wa lazima na ukanda ungeweza kuzungukwa kwa kutembea zaidi. Lakini ili Mgeni azunguke, alipaswa kujua kwa nini. Mtu aliyenyimwa sharti hawezi kulaumiwa peke yake kwa kulivunja, na katika hili ninamtetea Mgeni. Alikuwa na hatia ya umbali na ya kupitisha mtutu mbele ya watu. Kukanyaga ukanda kulianzia njiani, pale masharti manne yalipogeuka mawili.

Kiongozi amebadilisha jambo moja tangu wakati ule. Anapokwenda kwa mwenye shamba kuomba ruhusa, huenda na kila mtu atakayebeba bunduki siku hiyo, nao husikia masharti kutoka kinywani mwa mwenyewe. Kisha humwomba mmoja wao, kwa kawaida mdogo kuliko wote, ayarudie kwa sauti mbele ya mwenye shamba kabla hawajaondoka.